Mara ya Kwanza Jukwaani

Uko mchezo wa kuigiza wenye onyesho moja tu. Ni mfupi, hauna mapumziko. Mwigizaji akitetereka mwanzoni, hapati nafasi ya kwenda nyuma ya pazia akajipange upya.

Huko Kenya, mashindano ya michezo ya shule yalianza mwaka 1959. Leo hata shule za msingi na vyuo hushiriki. Washindi hupanda ngazi mpaka mashindano ya taifa. Waigizaji wengi wa ridhaa walianzia hapo.

Sisi tuliowahi kupanda jukwaani tunajua mara ya kwanza ilivyo. Magoti yanagongana, koo linakauka. Maneno yote uliyoyakariri, kumbe yamepotea! Basi, vuta pumzi. Mtazame mwenzako, umsikilize. Maneno yake yatakukumbusha jibu lako. Sema mpaka aliye nyuma kabisa akusikie. Watu wakicheka, ngoja kidogo wanyamaze, ndipo uendelee.

Mwamuzi akisema hukusikika, usinune. Anakusaidia kwa safari ijayo.

Kuogopa si aibu. Lakini usikimbie, maana mwenzako atabaki peke yake mbele za watu.