Damu Isiyokoma Kinywani mwa Mtoto

Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi, akauma ulimi, akapasua mdomo, au akakata kile kiuzi chembamba kinachounga mdomo wa juu na ufizi. Kwa kawaida damu hukoma baada ya dakika chache. Lakini wako watoto ambao damu yao huchuruzika saa nyingi, pengine hata siku mbili, ikikoma na kuanza tena. Mara nyingi kasoro ya mtoto wa namna hiyo haimo kinywani, bali imo katika damu yenyewe.

Damu yenye afya ina walinzi wa namna mbili. Kwanza ziko chembe ndogo sana, ziitwazo chembe sahani, ambazo hukusanyika palipopasuka na kupaziba. Kisha ziko protini ambazo huigandisha damu mahali hapo hata ikawa imara. Kinywani kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mate huyeyusha damu iliyoganda na ulimi huisugua. Ndiyo sababu kasoro ndogo ya damu huweza kujulikana huko kwanza.

Ugonjwa mmojawapo ni hemofilia, ambao huwapata hasa watoto wa kiume. Aina yake iliyo ya kawaida humpata mvulana mmoja hivi katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mama aweza kumrithisha mwanawe ingawa yeye mwenyewe haonekani mgonjwa. Hata hivyo, theluthi moja hivi ya wagonjwa huzaliwa katika jamaa ambazo hazijapata kuuona. Basi si haki kumlaumu mama, wala kutafuta mchawi. Leopold, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa na ugonjwa huo, akafa mwaka 1884 baada ya kuteleza na kuanguka, akiwa na umri wa miaka 30.

Yako magonjwa mengine ya damu yanayowapata wavulana na wasichana pia. Fizi zikitoka damu pasipo jeraha, na vidoa vidogo vyekundu vikionekana kwenye ngozi visififie vinapobonyezwa, yamkini chembe sahani zimepungua. Pakiwa pia na homa isiyoisha, ulegevu na weupe wa viganja, mtoto apelekwe hospitali upesi, kwani saratani ya damu huweza kuanza hivyo.

Mtoto akitokwa na damu kinywani, aketishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, ili asiimeze. Kitambaa safi kibanwe juu ya jeraha kwa dakika 10 bila kukiinua. Asipewe aspirini, maana huzidisha kutoka kwa damu. Damu ikiwa nyingi, au isipokoma katika nusu saa, au ikirudi tena na tena, apelekwe hospitali, na damu yake ipimwe.

Kukata kilimi na kung'oa vijino vya mtoto mchanga ni desturi zisizo na faida, na kwa mtoto ambaye damu yake haigandi zaweza kumwua. Tohara nayo isifanywe kwa mtoto wa namna hiyo kabla daktari hajaarifiwa. Akijulikana mapema, protini aliyoikosa huweza kutiwa mshipani, naye jino lake likang'olewa au akatahiriwa hospitalini kwa usalama zaidi.