Zumari na Nduguye wa Ulaya

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Ngamiani, nilisikia katika simu ya kaka yangu sauti nyembamba ya puani ikipanda juu ya fidla. Nikadhani ni zumari. Kaka alicheka, akaniambia ni obo, chombo cha Wazungu, na muziki wenyewe ulitungwa na Mozart mjini Munich mwaka 1781 kwa ajili ya mpiga obo aitwaye Friedrich Ramm.

Lakini sikukosea sana. Vyombo hivi ni vya ukoo mmoja. Katika vyote viwili sauti hutoka kwenye vijani vyembamba vinavyogongana pumzi ipitapo katikati. Vya zumari hukatwa katika jani la miti ya jamii ya mnazi. Vya obo, katika matete. Tofauti kubwa imo kinywani. Mpiga obo huvibana vijani kwa midomo, hivyo aweza kuikuza sauti au kuipunguza apendavyo. Mpiga zumari huviingiza vyote kinywani, midomo ikiegemea kisahani, na sauti hutoka kali tangu mwanzo hata mwisho. Ndiyo sababu mwenzake zumari ni ngoma, nayo obo yaweza kukaa sebuleni na fidla tatu nne bila ya kuzimeza. Hata taarabu, yenye fidla, udi na ganuni, hualika nai, si zumari.

Nilitafuta muziki mwingine wa namna hiyo. Wa Crusell, mzaliwa wa Ufini, ni mtamu lakini wasahaulika upesi. Wa Britten, aliyeutunga mwaka 1932 akiwa na miaka 18, huanza na selo peke yake, taratibu, kama askari wajao kwa mbali, na mwishowe hutoweka vivyo hivyo. Huo nimeupenda mno.

Nikampelekea mzee mmoja wa mtaani, mpiga zumari.

"Shikamoo, babu. Sikiliza hii."

Katika sehemu ya mwisho ya Mozart kuna mahali obo hufuata mapigo manne na nyuzi hufuata sita. Mzee aliyapiga yote mawili juu ya kiti, kila mkono na lake, asikosee. Kisha akauliza, "Mbona huyu anakatakata? Hana pumzi?"

Yeye huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma iliyomo, wimbo usikatike. Nikamweleza kuwa mpiga obo hewa humzidi, haimpungukii: tundu ni jembamba mno, hata hulazimika kusimama aitoe iliyochakaa ndipo avute mpya. Alicheka mpaka akakohoa.

Nikamwuliza ni nani anayejifunza kwake. Akasema hakuna. Niliona haya, maana zumari ilipopigwa katika harusi ya shangazi yangu nilijificha wenzangu wasinione.

Sasa huenda kwake kila Jumamosi. Bado hajanipa zumari. Amenipa gilasi ya maji na mrija, nipulize mapovu huku nikivuta hewa kwa pua, yasikome. Yangu hukoma.