Watoto Wetu na Vuli ya Oldeani

Katika vitabu vitokavyo nchi za kaskazini, watoto wetu husoma habari za majira ambayo miti hupukutisha majani, baridi ikaingia, na watu wakajifungia majumbani mwao. Nao hudhani, masikini, kwamba hayo ndiyo majira ya dunia nzima, na kwamba kwao hakuna cha kusimuliwa. Ilhali katika miezi hiyo hiyo, tangu Oktoba hata Desemba, huku kwetu ndiyo vuli, wakati ambapo nchi haisinzii bali huamka. Mzazi akaaye Karatu, Oldeani au popote penye miteremko ya Ngorongoro, hana haja ya kumwazimia mwanawe majira ya wageni. Na amtoe nje, amwonyeshe ya kwao.

Aanze na mlima wenyewe. Oldeani ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake chapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lake latokana na neno la Kimaasai la mianzi, kwa kuwa mianzi ndiyo iliyoufunika mabega. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 mlima huu uliingia ndani yake, na mwaka 1979 hifadhi hiyo ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini habari ambayo yafaa mtoto wa Oldeani aijue kwa fahari ni ya mwaka 2013. Mwaka huo mianzi ya milima ya Afrika ilitambuliwa kuwa ni jamii ya peke yake, ikapewa jina la kitaalamu la Oldeania. Basi mwanzi uotao Ethiopia au Kamerun huitwa, katika vitabu vya elimu ya mimea, kwa jina la mlima ambao mtoto huyu huutazama kila asubuhi aendapo shuleni. Ni watoto wangapi duniani wawezao kusema hivyo?

Kisha waje mashambani kungoja mvua ya kwanza. Mibuni ya Oldeani hufunga vichipukizi vya maua wakati wa ukavu, navyo hukaa vimelala, havichanui hata maji yaziloweshe shina. Mvua ikinyesha ya kutosha, zikapita siku nane au kumi, shamba zima huamka asubuhi moja likiwa jeupe, na harufu yake yafanana na ya asmini. Ua hilo halidumu. Baada ya siku mbili tatu hunyauka. Mzazi asemaye, "Tutakwenda kuangalia wiki ijayo," amekwisha kumkosesha mwanawe.

Chini ardhini nako hakulaliki. Kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, hurukaruka kitambo, kisha huangusha mbawa zao na kwenda wawili wawili kutafuta pa kuchimba nyumba mpya. (Hukumu ya kuliwa kwao tuwaachie mashekhe, kuku hawakungoja fatwa.) Jongoo naye huonekana, mwenda pole, ambaye kazi yake ni kula majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo. Kinyonga hutoka kuwinda wadudu, na hapo ndipo watoto wengi humpiga mawe, kwa sababu wameambiwa ana nuksi. Nuksi hana. Mtoto akae kimya hatua mbili mbali naye, amwone jicho moja likitazama mbele na la pili likitazama nyuma, na ulimi ukifyatuka. Nadhani hatatamani tena kushika jiwe.

Yako mambo mawili yajayo na vuli ambayo lugha yetu imeyapa jina moja. La kwanza ni korongo, ndege. Korongo weupe huondoka Ulaya mnamo Agosti na Septemba, hupitia nchi za Sham na Misri, hufuata mto Nili, na mnamo Novemba huanza kuonekana kwetu, pamoja na huko bondeni Ngorongoro. Hawakati bahari kubwa, kwa sababu huruka kwa kuelea juu ya hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, nayo baharini ni haba. Mbayuwayu naye hufanya safari kama hiyo, ilhali uzito wake ni gramu 20 hivi. Kwa hiyo yale majira ya kaskazini mtoto aliyoyasoma kitabuni yamemtumia wageni mpaka uani kwake.

La pili ni korongo, ufa wa ardhi, na hili ndilo la kuogopwa. Mwisho wa ukavu nchi huwa uchi: nyasi zimeliwa, na kwato zimeusaga udongo ukawa vumbi. Mvua ya kwanza, hiyo hiyo iliyochanuza mibuni, hupiga udongo usio na nguo. Maji hutafuta njia ya ng'ombe, au mfereji wa gurudumu, au kijia cha mkato kilichokanyagwa na watoto wa shule kuteremka mlima moja kwa moja. Mwaka wa kwanza ni mchirizi wa kina cha kidole. Wa pili hufika gotini. Na udongo mwekundu wa Karatu, ulio laini na wenye kina, haukawii kuliwa hata shamba likagawanyika mapande mawili.

Hapa mtoto ana kazi halisi, wala si ya mchezo. Apite njia inayozunguka, asiteremke kwa mkato. Mchirizi ungali mdogo, auzibe kwa mawe na matawi, apande matete ukingoni. Mche wa mti autie ardhini baada ya udongo kulowa sawasawa, kisha auchunge na mbuzi. Maana miti mingi hupandwa kwa shangwe na kuliwa kabla ya mwezi kwisha. Na manati iwekwe chini. Wakati wa mvua ndipo mnana dume afumapo kiota chake. Jike huja kukikagua, na kisipompendeza, dume hukibomoa akaanza upya. Ampigaye mmoja humaliza kazi hiyo yote.

Msituni asiende peke yake, kwani kuna tembo na nyati, na sheria ya hifadhi ina mipaka yake. Lakini ajue msitu ule unafanya nini. Majani na ukoka wa miti hunasa ukungu na mvua, maji yakazama mwambani taratibu, yakatokea mbali: katika vijito vya Karatu, na katika chemchemi za Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, yanakonywesha mashamba ya vitunguu. Maji ya udhu tunayomiminiwa alfajiri yalipita huko kwanza.

Mnunulieni mtoto daftari la bei ndogo. Aandike tarehe ya mvua ya kwanza, ya ua la kwanza la mbuni, ya mbayuwayu wa kwanza, mwakani alinganishe. Ukurasa mmoja auache mtupu kwa ajili ya Machi, siku atakapotazama juu akawaona korongo wakizunguka, wakipanda, wakirudi kaskazini.