Wakala wa Wasanii na Kazi Yake ya Ng'ambo

Chang'ombe ni mtaa wa Dar es Salaam uliozoea ngoma na shangwe. Ukumbi wa TCC Klabu umezipokea bendi za dansi tangu zamani, na jirani yake upo Uwanja wa Uhuru, ambao usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ulishuhudia bendera ya Tanganyika ikipandishwa, na ambao tangu hapo umebeba matamasha pamoja na mechi za mpira. Kijana akuliaye mahali kama hapo aghalabu hutamani kuwa mwimbaji au mchezaji. Lakini ni nadra kumsikia atamaniye kuwa wakala wa wasanii wa kimataifa, ilhali pasipo mtu huyo sauti njema huweza kuanzia kituo cha Maduka Mawili na kuishia papo hapo.

Kazi ya wakala ni kumtafutia msanii shughuli katika nchi za mbali, kupatana juu ya bei, kuandikiana mkataba na mwenye tamasha, na kuhakikisha kwamba kilichoahidiwa kimetimizwa. Meneja hutazama maisha yote ya msanii, toka nyimbo hata mavazi; promota huhatarisha mali yake mwenyewe kwa kukodi ukumbi na kuuza tiketi; wakala husimama kati yao, na ujira wake ni sehemu ya malipo, kwa desturi asilimia 10 au 15. Huko Marekani kazi hii ilikwisha kuwa na ofisi na vitabu vya hesabu tangu mwaka 1898, William Morris alipofungua shughuli yake mjini New York.

Kwetu nasi uwakala si jambo geni. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na safari ile haikuwa ya bahati nasibu, kwani kampuni ilikuwa na wakala wake mjini Unguja, aliyejua ni sauti ipi inayopendwa na watu. Sahani zile ziliuzwa kwa maelfu. Hata hivyo wakala yule alikuwa wa kampuni, si wa mwimbaji, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Baada ya uhuru bendi zetu nyingi mashuhuri zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alipata mshahara, na alishukuru. Lakini hakuwepo mtu ambaye riziki yake ilitegemea kumwuza mwanamuziki huyo ughaibuni. Bendi nyingine zilikuwa za wenye vyombo. Super Matimila ya mwimbaji Remmy Ongala ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki ala zake, na mlango wa Ulaya ulimfungukia Remmy kwa sababu rafiki mmoja, akirejea Uingereza, alichukua kanda ya nyimbo zake, ikafika kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1989 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake. Nafurahi kwamba kanda ile ilifika. Nasikitika nikifikiri ni kanda ngapi zilizobaki kabatini kwa kukosa mchukuzi.

Bongo Fleva ilipokuja, Temeke, wilaya iliyo na Chang'ombe, haikubaki nyuma. Said Fella, ajulikanaye kwa jina la Mkubwa Fella, aliisimamia TMK Wanaume Family, kisha akalea vijana katika Mkubwa na Wanawe, ambako ilitoka Yamoto Band ya akina Aslay na Mbosso. Yeye, pamoja na Babu Tale na Sallam Sharaff, walikuwa miongoni mwa mameneja wa Diamond Platnumz wakati jina la kijana huyo wa Tandale lilipovuka mipaka.

Basi tutazame hesabu za safari ya ng'ambo, maana hapo ndipo wengi huumia. Tuseme tamasha la ng'ambo limekubali kuwalipa wanamuziki watano pauni 5,000. Mlipaji akikata kodi ya asilimia 20, hizo ni pauni 1,000. Wakala huchukua 500, meneja 1,000, na zinazobaki ni 2,500, kila mwanamuziki apate 500. Kama mkataba haukutaja nani atanunua tiketi za ndege, atalipia viza na kutoa chumba cha kulala, zile 500 nazo zitayeyuka. Wakala hodari hudai nusu ya malipo kabla ya safari, huomba nafuu ya kodi mapema, na huanza habari za viza miezi kadhaa kabla, kwa maana ubalozi hauharakishwi na tarehe ya tamasha.

Wako pia wasio waaminifu, wanaomfanya msanii atie saini karatasi ya lugha asiyoifahamu, na kumbe ndani yake amekabidhi hata hakimiliki ya nyimbo zake. Uwakala ni amana, na mtu wa namna hiyo ni mwizi hata akivaa suti.

Kijana wa Chang'ombe apendaye muziki lakini hakujaliwa sauti, asijione amekosa fungu. Na asome sheria ya mikataba na lugha moja ya kigeni barabara, ajiandikishe katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, aijue Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kisha mwezi Februari avuke kwenda Ngome Kongwe, Unguja, kwenye Sauti za Busara, ambako wenye matamasha kutoka mabara mengine huja kusikiliza, akajitambulishe kwao akiwa na nyimbo za msanii wake mkononi.