Je, Wajua? Baada ya mkanda wa tumbo kutolewa

Daktari aliyefunga mkanda wa tumbo unaokazwa na kulegezwa, kwa upasuaji wa matundu madogo, mjini Huy, Ubelgiji, mwaka 1993, alizaliwa Ethiopia na utotoni alichunga mifugo. Jina lake ni Mitiku Belachew.

Mkanda wenyewe ni pete ya silikoni ya kumsaidia mtu apunguze uzito. Huzungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Mrija mwembamba huiunganisha na kidude kidogo chini ya ngozi. Daktari akichoma sindano pale na kuongeza maji ya chumvi, pete inabana. Akiyanyonya, inalegea. Tonge la bukari likimezwa haraka hukwama hapo juu, na mtu hutapika.

Pete huweza kuteleza. Mbaya zaidi, huweza kutoboa mfuko na kuingia ndani. Ikitolewa, njaa hurudi, na mara nyingi kilo nazo hurudi. Ndiyo maana wengi hupasuliwa tena. Wapo wanaokatwa karibu robo tatu ya mfuko au zaidi. Wengine hutengenezewa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mwembamba. Hao watameza vitamini maisha yao yote.

Upasuaji huu wa pili una hatari zaidi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu pete huacha kovu gumu, na mshono juu ya kovu huweza kuvuja. Madaktari wengi husubiri miezi mitatu hivi baada ya kutoa pete. Jamaa yako wa Lubumbashi aliyeko Brussels akiambiwa yote yatafanyika siku moja, amwulize daktari kwanza: kovu limekaaje?