Uvimbe wa Katikati ya Shingo ya Mtoto

Leo tuzungumze juu ya uvimbe ambao wengi huugundua wakimwogesha mtoto: wa mviringo, usiouma, katikati kabisa ya shingo.

Haukuletwa na jicho baya, wala si kosa la chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Katika wiki za kwanza tumboni, tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mahali pake shingoni. Njia iliyopitia hutakiwa kuzibika kabla mtoto hajazaliwa. Kikibaki kipande kilicho wazi, hujaa majimaji na kuwa kifuko.

Mwambie mtoto ameze mate, kisha atoe ulimi nje. Kifuko cha aina hii kwa kawaida hupanda juu pamoja na ulimi. Uvimbe wa ubavuni mwa shingo ni jambo lingine. Huenda ni matezi yaliyovimba kwa sababu ya mafua, au ni kifua kikuu, hasa mtoto akikonda na kutokwa jasho usiku. Huo nao upelekwe kituo cha afya.

Usiukamue, usiuchome, na tafadhali usimpeleke kwa wakata vimeo. Kifuko kikiingia uchafu hutunga usaha, hupasuka, na kuacha tundu linalovuja miezi nenda miezi rudi. Hapo mtoto hutibiwa kwanza kwa antibiotiki, na upasuaji hungoja.

Hospitalini mtoto hupigwa picha ya ultrasaundi, ambayo haina uchungu. Daktari hutazama kama kweli ni kifuko, na kama tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Hili la pili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa watoto wachache, uvimbe huo ndio tezi yao pekee. Ukikatwa, mtoto atameza dawa za homoni maisha yake yote. Kwa hivyo uliza bila haya: "Daktari, tezi yake umeiona?"

Kutoa kifuko peke yake hakutoshi, kwa maana mzizi wake hupita kwenye kifupa kidogo kilicho juu ya koo, na ukiachwa uvimbe hurudi mara nyingi. Tangu daktari Mmarekani Walter Sistrunk alipoeleza njia yake mwaka 1920, madaktari huondoa pia kipande cha katikati cha kifupa hicho, pamoja na mzizi hadi karibu na ulimi. Usishtuke, mtoto ataendelea kumeza na kuzungumza kama kawaida.

Siku ya upasuaji fuata saa za kufunga ulizopewa. Kuna wanaomwonea mtoto huruma na kumpa uji kwa siri; akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, uji huo unaweza kuingia mapafuni.

Mkisharudi nyumbani, mtoto akipumua kwa shida, shingo ikivimba ghafla, au kidonda kikitoa damu au usaha, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.