Kansas City Monarchs

Kansas City Monarchs ilikuwa timu ya kulipwa ya mpira wa besiboli iliyokuwa na makao yake mjini Kansas City, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1920 ikadumu hadi miaka ya 1960. Ni kati ya timu mashuhuri zaidi za ligi za Wamarekani Weusi, yaani ligi zilizoundwa kwa sababu wachezaji weusi hawakukubaliwa katika ligi kuu za nchi hiyo.

Chanzo

Mwishoni mwa karne ya 19 wenye timu za besiboli waliafikiana kutosajili wachezaji weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini mwiko huo ulishikwa kwa zaidi ya miaka 50. Tarehe 13 Februari 1920 Rube Foster, mwenye timu ya Chicago American Giants, aliwakutanisha wenzake katika jengo la YMCA mjini Kansas City, wakaunda Negro National League.

Monarchs walikuwa miongoni mwa timu za kwanza za ligi hiyo. Mwenye timu, J. L. Wilkinson, alikuwa Mzungu pekee kati ya wamiliki waanzilishi. Kabla ya hapo alikuwa na timu iliyoitwa All Nations, iliyochanganya wachezaji wa rangi na mataifa mbalimbali. Wachezaji wengine aliwapata jeshini, katika kikosi cha 25 cha askari weusi wa miguu. Mmoja wao alikuwa Wilber "Bullet" Rogan, hodari wa kurusha na wa kupiga mpira.

Miaka ya ushindi

Monarchs walitwaa ubingwa wa Negro National League katika miaka 1923, 1924, 1925 na 1929. Mwaka 1924 walikutana na Hilldale, mabingwa wa ligi ya mashariki, katika fainali ya kwanza ya mabingwa wa ligi za weusi. Zilichezwa mechi 10: Monarchs walishinda 5, Hilldale 4, na moja ilikwenda sare. Mechi ya mwisho ilirushwa na José Méndez kutoka Kuba, aliyekuwa mchezaji na kocha kwa pamoja, na Hilldale hawakupata hata pointi moja.

Taa za kuhamishika

Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, watazamaji walipungua. Watu wengi hawakuweza kuacha kazi mchana kwenda uwanjani. Mwaka 1930 Wilkinson alitengeneza taa zilizosimamishwa juu ya milingoti na kubebwa kwa malori pamoja na jenereta yake. Hivyo timu ilicheza usiku katika miji midogo, miaka 5 kabla ya mechi ya kwanza ya usiku ya ligi kuu, iliyofanyika Cincinnati mwaka 1935.

Kwa miaka kadhaa Monarchs walijitoa katika ligi wakaishi kwa ziara. Safari zilikuwa ngumu: hoteli na mikahawa mingi haikuwapokea weusi, na mara nyingi wachezaji walilala ndani ya basi. Mwaka 1937 waliingia katika Negro American League. Wakiwa na warushaji Satchel Paige na Hilton Smith, walishinda fainali ya mwaka 1942 dhidi ya Homestead Grays.

Jackie Robinson na mwisho wa timu

Mwaka 1945 Jackie Robinson alichezea Monarchs kwa msimu mmoja. Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers akamsajili bila kuwalipa Monarchs chochote, akidai kwamba hawakuwa na mkataba halali naye. Wamiliki walilalamika, kisha wakanyamaza ili wasionekane kumzuia. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia ligi kuu, na mwiko ukavunjika.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoidhoofisha timu. Nyota wake waliondoka: Paige alikwenda Cleveland mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, na Ernie Banks alikwenda Chicago Cubs mwaka 1953. Mashabiki weusi nao waliwafuata huko. Mwaka 1955 timu ya ligi kuu, Athletics, ilihamia Kansas City. Mwaka huohuo Monarchs waliuzwa na kuhamishiwa Grand Rapids, Michigan, wakaendelea kwa ziara hadi walipovunjika.

Urithi

Buck O'Neil, aliyekuwa mchezaji kisha kocha wa Monarchs, mwaka 1962 akawa mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa kama kocha katika ligi kuu. Pia alishiriki kuanzisha makumbusho ya ligi za weusi mjini Kansas City mwaka 1990. Mwaka 2020 uongozi wa ligi kuu ulitangaza kwamba ligi 7 za weusi za miaka 1920 hadi 1948 zilikuwa na hadhi ya ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu zake ziliingizwa katika kumbukumbu rasmi.